Saratani ya Matiti, Jeni, na Ukoo Uliotawanyika

Utafiti wa saratani ya matiti inayorithiwa ulianza kwa kuuliza habari za koo: nani aliugua, aliugua akiwa na umri gani, na ana undugu gani na anayeulizwa. Mnamo mwaka 1866 daktari Mfaransa Paul Broca alichapisha orodha ya vifo katika ukoo wa mkewe, akaonyesha kwamba saratani ilikuwa imewaua wanawake wengi mno, kizazi baada ya kizazi, kiasi kwamba jambo hilo lisingeweza kuitwa sadfa, ingawa katika zama zake hapakuwa na mtu aliyejua ni kitu gani kinachopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Leo kitu hicho kinajulikana, kimepewa majina, na kinaweza kusomwa katika damu au mate. Hata hivyo, swali la ukoo bado ndilo ambalo mgonjwa huulizwa kwanza kabla ya kufikiriwa kupimwa. Kwa watu wa Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyo wilayani Dowa nchini Malawi, karibu kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe, swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana kwenye fomu ya hospitali, na ugumu wake unafichua jambo ambalo elimu ya urithi wa saratani imechelewa kwa muda mrefu kulitambua.

Aliyeligeuza swali la Broca kuwa hesabu ni Mary-Claire King, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1946 karibu na Chicago, ambaye alisoma hisabati kabla ya kuingia katika jenetiki, yaani elimu ya namna sifa za viumbe zinavyorithiwa. Jina lake lilijulikana mapema, kwa kuwa utafiti wake wa udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Allan Wilson, ulionyesha kwamba jeni za binadamu na za sokwe zinafanana kwa takriban asilimia 99. Kuanzia mwaka 1974 aligeukia saratani ya matiti, wakati ambapo wataalamu wengi waliamini kwamba maradhi haya hutokana na virusi, chakula au mazingira, na kwamba hata kama urithi una sehemu yake, sehemu hiyo imegawanyika katika mambo mengi madogo yasiyoweza kufuatiliwa moja moja.

Ili kufahamu alichokifanya, yafaa kueleza kwanza kinachotafutwa. Ndani ya karibu kila seli ya mwili mna nyuzi ndefu za DNA, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia vinasaba, zikiwa zimekunjwa katika kromosomu. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini. Kati ya jeni na jeni zimo alama ndogo zinazotofautiana baina ya mtu na mtu, na mtafiti anayeona alama ileile kwa akina dada waliougua, huku akiikosa kwa wale waliosalimika, tena katika ukoo mmoja baada ya mwingine, ana haki ya kushuku kwamba jeni yenye hitilafu iko jirani na alama hiyo. King na wenzake walikusanya koo 23 zenye wagonjwa 146, wakapima alama baada ya alama kwa miaka mingi, na kila mara hesabu zilikataa. Ufumbuzi ulikuja walipozipanga koo hizo kwa kufuata umri wa wagonjwa: katika koo ambazo wanawake waliugua wakiwa bado vijana, alama iliyo kwenye kromosomu ya 17 ilifuatana na ugonjwa waziwazi, ilhali katika koo za walioanza kuugua uzeeni uhusiano huo ulipotea. King aliyatangaza matokeo hayo mjini Cincinnati mnamo Oktoba 1990, na Desemba mwaka huohuo yakachapishwa katika jarida la Science.

Kutoka hapo yakazuka mashindano. Jeni yenyewe, ambayo King aliiita BRCA1, ilipatikana mwaka 1994 na kundi la Mark Skolnick wa Utah na kampuni ya Myriad Genetics, na mwaka uliofuata kundi la Michael Stratton wa Uingereza likaipata BRCA2 kwenye kromosomu ya 13. Kampuni ya Myriad ilizisajili jeni hizo kama hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi, na katika muda wa karibu miaka ishirini bei ya kipimo huko Marekani ilipanda hadi zaidi ya dola 3,000, bei ambayo kwa mwanamke wa Lilongwe ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba kipimo hakipo. Ni tarehe 13 Juni 2013 tu ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kipande cha DNA kilichomo mwilini kwa maumbile hakiwezi kumilikiwa kwa hataza, na bei ikaanza kushuka hadi kufikia dola mia chache.

Kazi ya BRCA1 na BRCA2 si kuleta saratani, ingawa zimepata jina hilo baya. Kila siku nyuzi za DNA hukatika ndani ya seli, na jeni hizi mbili hutoa protini zinazosaidia kuziunganisha upya bila kupoteza neno katika maelekezo yake. Kila mtu ana nakala mbili za kila moja ya jeni hizi. Aliyerithi nakala moja mbovu huzaliwa na kukua bila tatizo lolote, kama msafiri ambaye gurudumu lake la akiba lilikuwa limepasuka tangu alipoondoka nyumbani. Siku nakala nzima iliyobaki inapoharibika katika seli moja ya titi au ya ovari, seli hiyo hukosa njia ya kujitengeneza, makosa hulundikana, na saratani huweza kuanza. Ndiyo maana wenye hitilafu hizi huugua mapema, na ndiyo maana baadhi yao hawaugui kabisa.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na 69 kwa wenye hitilafu ya BRCA2, wakati kwa wanawake wa Marekani kwa jumla idadi hiyo ni 12 au 13. Hatari ya saratani ya ovari nayo hupanda, hasa kwa BRCA1. Takwimu hizi zinahitaji kusomwa pamoja na nyingine inayosahaulika upesi: kwa jumla, saratani zote za matiti zinazotokana na jeni moja ya kurithi zinakadiriwa kuwa 5 hadi 10 tu kati ya kila 100, hivyo mwanamke ambaye hakuna mtu aliyeugua katika ukoo wake hana sababu ya kujiona salama. Kosa jingine la kawaida ni kudhani kwamba urithi huu unapita kwa wanawake tu. Baba mwenye hitilafu humpa kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, nafasi sawa na ile ambayo mama humpa, yaani nusu kwa nusu, na kwa sababu yeye mwenyewe mara nyingi haugui, habari za shangazi na za bibi mzaa baba hazitajwi wala haziulizwi.

Kwa muda mrefu karibu yote yaliyojulikana kuhusu jeni hizi yalitoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Mtu aliyefanya zaidi kuibadili hali hiyo kwa upande wa Afrika ni Olufunmilayo Olopade, daktari mzaliwa wa Nigeria anayefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye alishughulishwa na jambo lililoonekana kwa wagonjwa wengi weusi: wanaugua wakiwa vijana, na mara nyingi uvimbe wao ni wa aina isiyo na vipokezi vitatu ambavyo dawa nyingi hulenga, kwa hiyo haujibu dawa za homoni kama tamoksifeni. Mwaka 2018 yeye na wenzake, King akiwa miongoni mwao, walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya matiti, na katika kila 100 walikuta karibu 15 wenye hitilafu ya kurithi katika jeni zinazojulikana kuongeza hatari, 7 kati ya hao 15 wakiwa na hitilafu ya BRCA1. Kiwango hicho ni kikubwa kuliko wengi walivyotarajia. Utafiti wa namna hiyo ukafuata Uganda na Kamerun, na mwaka 2023 matokeo ya wagonjwa wa Tanzania yakaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya kumi alikuwa na hitilafu ya BRCA1 au BRCA2. Rwanda nako watafiti wa jenetiki wamewapima wagonjwa vijana na kukuta hitilafu za aina hiyo.

Takwimu hizo haziwezi kuchukuliwa tu na kubandikwa kwa Wamalawi, au kwa Wabembe na Wafulero wa Kivu ya Kusini. Wagonjwa wanaofika katika hospitali kubwa huenda ni vijana kuliko wagonjwa wote wa nchi, na ujana wenyewe huongeza uwezekano wa kukuta urithi. Zaidi ya hapo, watu wa Afrika wana tofauti nyingi za vinasaba kuliko watu wa bara lolote jingine, kwa sababu binadamu wameishi hapa muda mrefu zaidi. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa uliposoma vinasaba vyote vya watu 426 kutoka jamii 50 za Afrika, ulikuta zaidi ya tofauti milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Tofauti ambayo haijapata kuonekana humtia daktari mashakani, kwani anaweza kuiona ndani ya BRCA1 ya mgonjwa na ashindwe kusema kama ni hitilafu ya hatari au ni namna nyingine tu ya jeni iliyo nzima. Majibu hurudi yakisema kwamba maana yake haijulikani, na majibu ya aina hiyo humpata mwenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko Mzungu. Dawa ya tatizo hilo ni kupima Waafrika wengi zaidi, waliougua na wasiougua, wakiwemo wale ambao hakuna nchi inayowahesabu kuwa watu wake.

Mjini Lilongwe, mahali ambapo mambo haya yangekutana na mgonjwa ni Hospitali Kuu ya Kamuzu. Mwaka 2011 hospitali hiyo ilipata maabara ya patholojia, yaani mahali pa kuchunguza kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe ili kujua kama ni saratani na ya aina gani, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Malawi na Chuo Kikuu cha North Carolina. Slaidi za kesi ngumu zikawa zinajadiliwa kwa njia ya mtandao na wanapatholojia walio Marekani. Kwa miaka mingi nchi haikuwa na tiba ya mionzi, na wanawake wengi wamekuwa wakifika hospitalini uvimbe ukiwa umeshapasua ngozi au ugonjwa umeshasambaa. Katika hali hiyo mtu mwenye haki ya kuuliza maswali makali angeuliza kama jenetiki si anasa. Kipimo cha urithi hakimponyi aliyechelewa, na kwa aliye mzima kinafaa pale tu panapokuwa na picha za kumfuatilia, daktari wa upasuaji wa kuondoa matiti au ovari kwa hiari, na mshauri wa kumweleza. Bila hayo humpa mwanamke khofu tupu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka uchunguzi wote wa saratani ya matiti ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika mara ya kwanza, na lengo hilo, ambalo halihitaji jeni hata moja, lingeokoa wengi zaidi kwa haraka zaidi.

Lilongwe yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba mengi yanawezekana bila mashine. Katika mpango mmoja wa majaribio, wanawake wa kawaida wasio wauguzi walifundishwa kutoa elimu ya saratani ya matiti na kupapasa matiti kwa utaratibu katika kliniki za mjini, wakawachunguza wanawake wapatao 1,000, na kazi yao ikakaribia ile ya daktari kiasi cha kutosha kuaminiwa kama hatua ya kwanza. Mradi huo ulitumia mikono minane tu, ya wanawake wanne. Hapo ndipo jenetiki, ikitumiwa kwa akili, ingepata nafasi yake halali katika nchi maskini, kwa kuwa swali la ukoo likiongezwa katika mazungumzo hayo halina gharama, na linaweza kusaidia kujua ni mwanamke gani wa miaka 30 asiyepaswa kuambiwa kwamba yeye ni mdogo mno kupata saratani.

Lakini swali hilo hufaa kwa mtu anayejua jibu. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, na ingawa ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwanamke aliyetoka Uvira au Bujumbura akiwa mtoto anaweza asijue mama yake mkubwa alifariki kwa nini, au kama amefariki. Mahali ambapo hapakuwa na patholojia, kifo cha mwanamke mwenye kidonda kisichopona kifuani huenda kilihesabiwa kuwa ni sumu au uchawi, maelezo ambayo katika Kivu yana nguvu na yana adabu zake, maana watu hawayatamki mbele ya mgeni mwenye kalamu. Hata undugu wenyewe unahitaji kuulizwa kwa uangalifu, kwa kuwa mtoto aliyelelewa na shangazi njiani kati ya Kigoma na Dowa atamwita mama, naye ni mama kweli, ila kwa hesabu za jeni ni muhimu kujua tumbo lililomzaa.

Ugumu mkubwa kuliko huo ni ule ambao hautatuliwi na mkalimani hodari wala na subira. Vita vya Burundi vilivyoanza 1993, mauaji ya Rwanda ya 1994 na vita vya Kongo vya 1996 na 1998 viliwaua wanawake kwa risasi, njaa na kipindupindu kabla hawajafika umri ambao hitilafu ya BRCA ingejionyesha. Bibi aliyeuawa akiwa na miaka 35 anaingia katika karatasi ya ukoo kama mtu asiyeugua saratani, naye huenda ndiye aliyeibeba jeni hiyo na kuipitisha kwa mwanawe wa kiume. Karatasi inayotoka hapo inaonekana safi, lakini usafi wake umetokana na vifo vya mapema, na mkimbizi anayepangwa katika kundi la hatari ndogo kwa kufuata karatasi hiyo amedhulumiwa mara ya pili.

King mwenyewe alifika kwenye kasoro hii kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 2014 yeye na wenzake wa Israeli walichapisha utafiti uliopima zaidi ya wanaume 8,000 wazima wa Kiyahudi wa asili ya Ulaya ya Mashariki, ambao miongoni mwao hitilafu tatu za BRCA zinajulikana na ni za kawaida, kisha wakawapima wanawake wa jamaa za waliokutwa nazo. Karibu nusu ya familia hizo hazikuwa na historia ya ugonjwa ambayo ingemfanya daktari yeyote azishuku: zilikuwa ndogo, au jeni ilikuwa imepita kwa wanaume. Mwaka huohuo King akapendekeza kwamba kila mwanamke apewe nafasi ya kupimwa afikapo miaka 30 hivi, bila kuulizwa kwanza nani aliugua kwao. Pendekezo hilo lilizua ubishi Marekani na lilitungwa kwa ajili ya nchi tajiri, lakini hoja yake inawahusu watu wa Dzaleka kwa nguvu kuliko watu wa Marekani, kwani huko ukoo ni mdogo, ilhali Dzaleka ukoo umefutwa. Inafaa kukumbuka pia kwamba mwanasayansi huyohuyo, kuanzia mwaka 1984, aliwasaidia mabibi wa Argentina kuwatambua kwa vinasaba wajukuu wao walioibwa wakati wa utawala wa kijeshi. Alijua mapema kwamba damu inaweza kutoa ushahidi pale ambapo watu wa kushuhudia wameuawa.

Kwa sasa hakuna mtu makini atakayependekeza kuwapima wanawake wote wa Dzaleka, wakati kituo chao cha afya, kinachohudumia pia vijiji vya Wamalawi vinavyokizunguka, kina mahitaji mengine yanayotangulia, na wakati sera ya kuwataka wakimbizi waishi ndani ya kambi, iliyotekelezwa kwa ukali tangu 2023, inaifanya safari ya Lilongwe kuwa jambo la kuombewa ruhusa. Hatua iliyo karibu zaidi ni kumpima kila mgonjwa wa saratani ya matiti aliye kijana, awe Mmalawi au mkimbizi, bila kujali anachokumbuka kuhusu kwao, kwa sababu hitilafu ikishajulikana kwa mtu mmoja, kuitafuta kwa nduguze ni kazi rahisi na nafuu: maabara huangalia mahali pamoja tu badala ya kusoma jeni nzima.

Na nduguze hawapo Dowa peke yake. Familia za Dzaleka zimehamishiwa Kanada, Marekani na Australia, nchi ambazo hospitali zake humpima mgonjwa kijana kama jambo la kawaida na, zikikuta hitilafu, humpa barua ya kuwapelekea jamaa zake, yenye jina la jeni na herufi na tarakimu zinazoonyesha mahali hasa ilipoharibika. Barua hiyo ikipigwa picha na kutumwa kwa simu kwa dada aliyebaki kambini, atakuwa ameshika habari ambayo Broca asingeweza kuiota, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Muuguzi atakayeonyeshwa picha hiyo anahitaji kujua mambo mawili tu: kwamba isiwekwe kando eti kwa sababu mwenye nayo haumwi, na ni nani katika Hospitali ya Kamuzu wa kupelekewa.